Kibanda cha Shangazi Kabula

Sauti ilitangulia. Kabla sijaona bati hata moja la Kasoli, kabla mashamba ya pamba hayajakatika na nyumba kuanza, spika ilikuwa inanguruma mbele yetu, ikikwaruza kama koo lililojaa vumbi: "Bomoa! Mama Kabula, bomoa madhabahu ya giza!" Nilikuwa juu ya lori tupu la pamba, nimeshika kamba. Mama Kabula ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

Hilo ndilo lililonitoa Dar es Salaam, kwenye meza yangu ya gazeti. Tulikuwa tumepata habari kwamba mkutano wa injili uliopiga kambi kijijini unamtaja kwa jina kila jioni, kwa sababu ya kibanda cha nyasi kilichoko uani kwake. Hapo ndipo anapowamwagia pombe masamva, wahenga wa ukoo wetu, na kuongea nao. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameitisha kikao: kibanda kivunjwe, au mwenyewe ahame. Baba, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, hakutaka kujua nani ana haki. "Kamlete," aliniambia. "Atakaa huku mpaka wapoe."

Kutoka Mwanza nilipanda basi. Tulipoliacha ziwa pale Lamadi na kuelekea bara, nilianza kusoma nchi kupitia matangazo yake. Bendera za vyama ambavyo miaka michache nyuma visingethubutu kuwa na jina zilipepea juu ya vibanda vya chai. Mihadhara ya dini ilitangazwa kwenye nguzo zilezile walizobandikia matangazo yao wanunuzi wapya wa pamba. Kila mtu alikuwa ameruhusiwa kuita wateja. Nikajiuliza, kwa hasira iliyonipasha moto kuliko jua la dirishani: katika uhuru wote huu, mwanamke mmoja wa Kasoli amekosaje nafasi ya kibanda kisichomtosha hata mbuzi?

Bariadi mjini nikapata lile lori lililokuwa linafuata pamba vijijini. Utingo, kijana mcheshi, alinivuta juu kwa mkono mmoja.

"Siku hizi hata pamba ina vyama vingi, bro. Unaenda kwa mnunuzi gani?"

"Naenda kwa shangazi."

"Huyo ndiye asiyepunja mizani," akasema, na abiria wote kule juu wakacheka. Spika ilipoanza kusikika wakanyamaza. Walijua inamsema nani.

Kasoli. Shangazi alikuwa anapepeta karanga, mgongo umenyooka kama mchi.

"Mwadila, ng'wanone," alinisalimu, akiniita mwanawe.

"Mwadila, shangazi."

"Umekuja kunizika au kunihamisha?"

"Kukuchukua."

"Basi kula kwanza. Mzigo wenyewe mzito." Akanipa bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akarudia karanga zake.

Jioni ng'ombe walirudi. Shangazi akaenda hadi kwa dume moja jekundu, akalishika nundu na kuliuliza, "Masunga, umeshiba?" Masunga ni jina la babu yangu. Nilikuwa nimesahau desturi hii: katika boma la wazee, ng'ombe mmoja hupewa jina la marehemu, na huyo hauzwi wala hachinjwi ovyo.

"Bado wapo wanaofanya hivi?" nikauliza.

"Nani hafanyi? Mwenyekiti ana jike jeusi lenye jina la bibi yake. Amebatizwa, na ng'ombe yupo."

Nikaruka kwa furaha. "Kesho mtoboe mbele ya watu! Waambie wote!"

Aliniangalia kama nimemwaga maziwa. "Mimi nakataa watu kuingia uani kwangu, halafu niwafungulie boma la mwenzangu wachungulie? Anavyoamini ni vyake. Akivificha, ni vyake pia. Ukitamka jambo hilo pale, usilale kwangu."

Asubuhi kikao kilikaa ndani ya ghala la ushirika. Zamani lilijaa pamba hadi kenchi za paa. Sasa wanunuzi walikuwa wanapima barabarani na ghala lilibaki kuwa mwangwi mtupu. Mhubiri alikuwa kijana wa kutoka mjini, mpole kuliko spika yake.

"Mama, ninasema kwa sababu nakupenda."

"Ukinipenda, mwanangu, punguza sauti. Mimi siyo kiziwi, na Mungu naye nasikia siyo kiziwi."

Ghala zima likacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Mama Kabula, jibu. Utabomoa?"

Shangazi akasimama. Alimtazama mwenyekiti kwa muda mrefu, hata mwenyekiti akatokwa jasho. Nilijua anachokijua. Hakukisema.

"Sibomoi," akasema. "Na sihami. Sijaenda kwa yeyote kumwambia avunje msalaba wake. Mwenye kutaka kubomoa, anikute nimekaa pale."

Vijana wa nyuma wakazomea. Ndipo akasimama Maria, jirani yake, mwanakwaya wa Kikatoliki. "Mimi vibanda hivyo siviamini hata kidogo," alisema. "Kabula anajua, tumegombana sana. Ila juzi spika hiyohiyo ilituita sisi wa rozari waabudu sanamu. Mkimaliza uani kwake, mnahamia kwa nani?"

Mwenyekiti akafuta uso. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Serikali haina dini. Kijiji hiki hakina amri ya kuvunja cha mtu kwa sababu ya anachoabudu. Kikao kimefungwa."

Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja akamwambia shangazi sikioni, kwa makusudi nisikie: "Kikao kimefungwa, bibi. Usiku haujafungwa."

Siku ya kurudi nilimbembeleza tena. Nikamwambia ameshinda, sasa aje apumzike. Akanijibu kwamba aliyeshinda na kukimbia huitwa aliyekimbia. Maria alikuwa ameshaleta mkeka wake, alale hapo mpaka kambi ya injili iondoke, na rozari yake shingoni.

Nilikuwa nimedhani uhuru wa kuabudu ulishushwa kwetu kutoka juu, pamoja na vyama na wanunuzi wapya, na kwamba kazi yangu ni kuuandika vizuri. Nikiwatazama wanawake wale wawili wakibishana nani alale karibu na dirisha, nikaona aibu kwa kuja kumhamisha mmoja wao. Wenye kuhama wawe wale wanaozomea. Baba nitamwambia hivyo uso kwa uso, baada ya misa yake.

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njia panda, na mwenyeji humbebea mzigo. Shangazi alisimama kizingitini, hakunyoosha mkono kuuchukua mfuko wangu.

"Leo sikusindikizi. Nyumba hii haiachwi tupu. Wasalimie."

Nikavuka kizingiti. Nyuma yangu akaufunga mlango, na komeo likaingia mahali pake.