Amplifaya Tatu na Masikio Mawili

Watu wengine hujivunia gari, wengine watoto waliofaulu. Mimi nilijivunia masikio. Tangu nikiwa kijana Morogoro, nilipokuwa nikifunga spika kwenye harusi za watu, aliyetaka kunikasirisha alihitaji kufanya jambo moja tu: kunifundisha habari za sauti. Hapa Sydney tabia hiyo haikunitoka. Siku za kazi mimi ni fundi umeme wa ghala moja Seven Hills, mtu wa kizibao cha rangi ya machungwa na kuitikia “yes, mate” mara hamsini kwa siku. Jumapili nilikuwa fundi mitambo wa kanisa letu, na huko hakuna aliyeniita “mate”. Huko niliitwa Baba Fundi.

Kanisa lenyewe ni ukumbi wa shule tunaoukodi. Waumini karibu wote ni Wakongo wa mashariki, wa Uvira na Bukavu, watu waliokaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Sisi Watanzania ni familia tatu tu, na tulifuata Kiswahili. Kwaya yao inaimba, jamani. Inaimba mpaka unasahau kwamba kesho ni Jumatatu. Miaka sita nilikaa nyuma ya miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, mkono mmoja kwenye nobu, spika kubwa hatua mbili kutoka kwenye sikio langu la kulia. Nchi hii ilinifanya nianze kila kitu upya, hata leseni ya kuendesha gari, lakini kile kiti hakuna aliyenipa kwa huruma. Nilikipata kwa masikio yangu, na ningeambiwa nichague kati yake na kazi ya ghalani, ningefikiri kwanza.

Mwaka jana kwaya iliamua kurekodi nyimbo kumi, ziwafikie ndugu zao waliotawanyika Kanada, Norway na waliobaki kambini. Nilirekodi mwenyewe, nikachanganya sauti mwenyewe nyumbani, nikawapa wasikilize. Wiki mbili zikapita kimya. Kisha Jumamosi moja mchana wakaja kwangu watu watatu, mchungaji, mzee wa kanisa na mama anayeongoza kwaya, wamebeba kreti ya soda na sambusa ambazo bado zilikuwa za moto. Waliuliza habari za nyumbani, za kazi, za Morogoro, hata za mvua. Sambusa zilipobaki mbili, mama wa kwaya, ambaye hutunza wazee kwenye nyumba moja ya Parramatta na ana sauti ya kumtuliza hata aliyegoma kula, akaweka glasi chini.

“Baba Fundi, kazi yako iko muzuri sana. Sisi wote tunashukuru. Ila tunaona kama ile mashine yako ya kusikilizia inakudanganya. Komputa njo mubaya, si weye. Uchague aparei ingine ya muzuri, kisha urudilie tu kidogo.”

Mchungaji akasema amina, ingawa hakuna aliyekuwa anaomba.

Nilivimba kichwa. Wageni watatu, kwa heshima zote, wamekuja kuniambia kwamba ninastahili vifaa bora! Walipoondoka nilimweleza mke wangu hivyo hivyo. Mke wangu naye hutunza wagonjwa, zamu za usiku. Alinitazama muda mrefu kidogo, akasema, “Haya.” Ana “haya” za aina nyingi, na ile sikuishughulikia.

Kwa kuwa yeye hulala mchana, mimi kazi zangu zote za sauti nazifanya kwa hedifoni. Sasa, kompyuta haihifadhi sauti, inahifadhi tarakimu. Lazima kiwepo kitu cha kuzigeuza ziwe sauti, na kingine cha kuipa sauti hiyo nguvu ya kusukuma hedifoni kubwa. Kompyuta yangu ina vyote viwili, ila vya bei ya kutupa. Nilichohitaji ni kigeuzi na amplifaya katika boksi moja la kukaa mezani, lenye ukubwa wa kibweta cha chakula. Nilisoma mtandaoni wiki tatu. Wapo wanaume duniani wanaoweza kugombana siku nne juu ya waya, nami nilijiunga nao bila kusitasita. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa na maoni juu ya kila boksi lililopata kutengenezwa, na mengi niliyatoa bila kuulizwa.

Duka nililolipata liko Cabramatta, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe ni mzee wa Kivietinamu wa miaka sabini na kitu, mkimya, anayetengeneza redio za kale huku akikusikiliza. Utaratibu wake ni wa kiungwana: unachukua boksi, unakaa nalo nyumbani wiki moja, usipolipenda unarudisha.

La kwanza lilikuwa dogo, jeusi, lisilo na mbwembwe. Alinipa yeye mwenyewe, akasema ndilo analotumia. Nililirudisha baada ya siku tatu. Kwaya ilisikika kama imefunikwa blanketi, nikamweleza hivyo, na nikamweleza pia sababu za kitaalamu, kwa kirefu. Akaitikia kwa kichwa. La pili lilikuwa kubwa zaidi, na zito kama tofali. Blanketi lile lile. Nikamweleza tena. Mzee akaendelea kulehemu.

La tatu niliona ni bora nilijaribu pale pale dukani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na nilikuwa na binti yangu, kwa sababu tulikuwa tumeshanunua samaki na mboga sokoni na alihitajika mtu wa pili wa kubeba mifuko. Ana miaka kumi na sita. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachosema mlangoni tukidhani hasikii, lakini hujibu kwa Kiingereza. Nilivaa hedifoni, nikaweka wimbo wa kwaya, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kutafuta, nikasikia uhai. Kayamba zilicheka. Kila neno lenye s lilisimama wima.

“Hii ndiyo!” nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hedifoni. “Njoo usikie kazi ya baba yako.”

Nilimvika. Hazikumaliza sekunde tano kichwani. Alizing’oa kwa mikono miwili.

“Dad, that hurts.”

Nilicheka. Nikamwambia mzee kwamba watoto wa siku hizi wamezoea sauti za simu, masikio yao yameharibika. Nikamwomba yeye asikilize, mtu mzima kwa mtu mzima. Alisikiliza, akazivua polepole, akazilaza juu ya kitambaa. Alivuta kompyuta yake, akafungua spika ndogo ya mezani, akatueleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba atapiga mlio mmoja unaopanda. Wote watatu tuinue mikono. Usiposikia tena, unashusha.

Niliinua mkono wangu juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Mlio ulianza mnene, ukapanda, ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukaisha. Nikashusha mkono.

“Umekwisha,” nilisema.

Mkono wa mzee ulikuwa bado juu. Wa binti yangu pia. Nilidhani wananitania. Nilitabasamu, nikasubiri wacheke. Baada ya kitambo mzee akashusha wake. Binti yangu alibaki peke yake, mkono juu, kwa muda ambao sikuupenda hata kidogo. Hakuwa anatazama spika. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa ameacha kutafuna bigijii.

Nilikasirika. Nilisema spika ni mbovu. Mzee alibadilisha spika bila ubishi. Nilisema basi ni kompyuta. Akaleta hedifoni na boksi jeusi la kwanza, akarudia mlio kwa kila mmoja wetu. Nilishusha mkono pale pale nilipokuwa nimeushusha mwanzo. Mtu aliyenizidi miaka ishirini alisikia vitu ambavyo kwangu havikuwepo.

“What work?” aliniuliza, kwa upole.

“Harusi,” nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilinikimbia. Kisha nikakusanya maneno, nikamweleza: miaka ya harusi, miaka ya kanisa, daima karibu na spika, daima nikiongeza.

Nilimwomba binti yangu ajaribu maboksi yote matatu, achague yeye. Alichagua lile jeusi dogo. Alisema kwa Kiingereza kwamba humo hakuna kinachouma, na kwamba mama wa kwaya anasikika kama mama wa kwaya. Nikalilipia. Kwenye treni nilikaa na mfuko wa samaki magotini. Aliponiambia “It’s okay, Dad,” nilimwambia anyamaze, na nilijuta kabla hatujafika Parramatta.

Nyumbani nilimketisha mezani kwangu, nikamfungulia nyimbo zote kumi, nikamwambia arekebishe anavyoona. Aliuliza kama anaruhusiwa kusema ukweli. Nikasema ndiyo. Alianza kushusha. Sauti zote za juu ambazo mimi nilikuwa nimezipandisha, wimbo kwa wimbo, mwimbaji kwa mwimbaji, alizishusha moja moja. Nilikuwa nimevaa hedifoni za pili nikifuatilia. Wimbo wa kwanza ulipofika nusu nilimuuliza ataanza lini. Alisema huo ameshaumaliza.

Hapo ndipo nilipozielewa zile sambusa. Watu watatu hawakuja kunisifu. Walikuja kuniambia kwamba nawaumiza, wakafunga safari nzima ili kosa waliweke kwenye kompyuta na si kwangu. Na mimi nikala sambusa, nikavimba kichwa, nikaenda kununua mashine!

Hasira niliyoisikia ilikuwa kubwa, na sikujua niielekeze wapi. Nilimpigia simu mama wa kwaya. Nilitaka aseme.

“Mama, niambie ukweli. Sauti ya kanisani ni kali?”

“Hapana, baba. Ni komputa.”

“Kompyuta ya nyumbani haiendi kanisani, mama.”

“Basi spika. Spika zimezeeka. Weye njo fundi wetu, Baba Fundi. Hakuna mungine.”

Nilijaribu mara tatu, na mara tatu alinizunguka. Nilikata simu nikiwa na hamu ya kumlaumu, kisha nikamkumbuka mgeni mmoja kutoka Melbourne aliyewahi kunong’ona, baada ya ibada, kwamba labda ningepunguza kidogo. Nilimpa nyaya akunje, mbele ya watu wote, na nikasimama pembeni kumwonyesha anavyokosea kukunja. Kwaya nzima iliona. Nani baada ya hapo angethubutu?

Jumapili iliyofuata, kabla ya kwaya kuanza, nilitoka nyuma ya miksa, nikaenda mbele, nikachukua maikrofoni. Nimezoea kuzipima maikrofoni, sijazoea kuzisemea. Nikasema haraka nisije nikarudi nyuma.

“Ndugu zangu, mashine haikuwa na kosa. Nimepimwa. Masikio yangu kwa sauti za juu yamekwisha, na nimekuwa nikiongeza sauti ili nisikie mimi, bila kujua nyinyi mnapata nini. Leo binti yangu ndiye atakayekaa pale. Kama kuna niliyemuumiza, na aseme, sitakasirika.”

Hakuna aliyesema. Watu waliangalia viatu vyao. Watoto waliangalia wazazi wao, na mmoja alizibwa mdomo na mama yake. Nilisimama pale nikiwaza kwamba hata sasa, hata nikiwa nimeomba kwa kinywa changu, watu hawa hawatanifanyia fadhila ya kunisema.

Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele, ambaye kila Jumapili hunishika mkono na kuniombea uzima, aliingiza kidole chini ya kilemba chake. Akatoa kipande cha pamba. Akaingiza upande wa pili, akatoa kingine, akavikunja ndani ya leso. Jirani yake akafanya hivyo hivyo. Mstari wa pili ukafuata, wanawake chini ya vilemba, wanaume wakigeuka ukutani kwanza. Mchungaji alitoa zake kwa adabu, kama mtu anayetoa meno ya bandia. Wa mwisho alikuwa mama wa kwaya. Alikuwa jukwaani, mbele ya waimbaji wake, na pamba zake zilikuwa kubwa kuliko za wote. Miaka yote ile alikuwa akiiongoza kwaya bila kuisikia vizuri.

Niliona aibu kubwa. Na ndani ya aibu hiyo niliona, wazi kabisa, kwamba nilipendwa. Watu wazima mia moja na kitu walikuwa wamekubali kuziba masikio yao kila Jumapili kuliko kuninyang’anya kiti changu. Sikujua kama niwagombeze au niwapigie magoti, kwa hiyo nilirudisha maikrofoni mahali pake, nikaenda kukaa na mke wangu, mahali ambapo sikuwa nimewahi kukaa. Alisogea akanipisha.

Binti yangu alikaa nyuma ya miksa, akashusha nobu mbili tatu, akainua kidole gumba. Mama wa kwaya aliinua mikono. Wakaimba.

Kwangu sauti ilikuwa hafifu, maneno yamepungukiwa ncha zake, na kayamba nilizitambua kwa macho tu. Niligeuka kuangalia mistari yote, wa mbele hadi wa nyuma. Hakuna aliyerudisha pamba.