Kwa Nini Asisalie Wodini?

Siyo kweli kwamba imani ikizidi ndiyo inakuwa hivyo, nikamwambia kaka Deo. Mbona Bibi amesali rozari maisha yake yote na hajawahi kumzuia mtu kwenda hospitali?

"Bibi alikuwa mkunga," Deo akajibu. "Angewazuiaje wateja wake?"

Tulikuwa tunabishana juu ya dada Agnes na mwenyewe hayupo. Yuko kwake Msamala, mimba imetimia. Mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji, na daktari alishasema wa pili lazima azaliwe hospitali, kovu lisije likaachia. Ila siku hizi Agnes anasali na kundi la Mzee wa Maono, anayefundisha kwamba ukienda hospitali umemkana Mungu. Agnes huyu huyu aliyekuwa mwanakwaya parokiani, leo sisi anatuita wapagani!

Bibi alikuwa anachambua maharage. Nikamuuliza: hawa wanampenda Mungu kuliko sisi, au hawampendi kabisa?

"Ngoja nikuambie nilivyoanza kazi."

Nikaguna kimoyomoyo. Nilitaka jibu, siyo historia.

Siku ya kwanza ya Bibi, hospitali ya misheni, Sista Matroni hakumwonyesha mama wala mtoto. Alimpeleka kwenye karai la maji. "Osha mikono huku unasali Salamu Maria, polepole. Ukiharakisha sala, umeharakisha na mikono." Wakunga wote waliosha hivyo. Bi Zuhura, Myao wa Tunduru, alisoma Alhamdu yake pale pale, povu mpaka viwikoni. Sista alimkagua kucha tu.

"Kwa hiyo sala ilikuwa saa ya kupimia muda?" nikauliza.

"Saa, na sala. Kwani haviwezi kukaa pamoja?"

Baadaye yeye na Bi Zuhura wakahamishiwa kituo cha afya milimani, Umatengo. Huko alizoea kusikiliza mapigo ya mtoto kwa fetoskopu, kile kitarumbeta cha mbao kinachowekwa tumboni, na kujaza patografu, mchoro unaoonyesha kama uchungu unaendelea vizuri au umekwama. Na huko ndiko alikokutana na kundi kama la Agnes. Wanawake wao walijifungulia kwenye kibanda cha maombi. Mmoja alishafia humo.

Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, akataka kumwitia polisi kiongozi wao. Sista Matroni, aliyekuwa amekuja kukagua, akakataa. "Ukimpelekea polisi, kesho atahubiri kwamba alitabiri mateso. Utakuwa umemsaidia." Akawatuma Bibi na Bi Zuhura wakamwalike kiongozi mwenyewe: aje asali mlangoni mwa wodi ya wazazi, kwa sauti anayoitaka, mpaka mtoto atoke.

"Akaja?"

"Wapi! Akasema Mungu haingii mle. Mke wake alikuwa kasimama nyuma yake, tumbo hili hapa. Akamuuliza mbele za watu, 'Kumbe Mungu wetu ana mipaka, kama kata?'"

Deo akacheka. Bibi hakucheka.

"Wiki ile yule mke akaja wodini, na mwenzake mmoja. Wengine walibaki na mume wake. Sikudanganyi, hawakuja wote."

"Kwa hiyo jibu ni nini, Bibi?"

"Nimestaafu na bado sijui vizuri. Wapo kwao waliokuwa wanafunga na kulia mbele za Mungu kuliko mimi, na hawakuwa waigizaji. Ila kila waliponiambia Mungu amekataza, nikiuliza kidogo tu, nakuta ni mtu mmoja anayekataza." Akapuliza makapi. "Muulizeni huyo. Agnes mkimtukania imani yake, atajifungia."

Wiki nzima nimemtumia Agnes mistari ya Biblia kwenye simu, na jana kanibloku.

Kesho asubuhi naenda Msamala, ila siendi kumbishia Agnes. Naenda kwenye ibada yao ya asubuhi, kwa Mzee wa Maono. Shikamoo nitampa. Halafu nitamwomba, mbele ya waumini wake wote, apande bajaji pamoja na sisi hadi hospitali, akamwombee dada yangu pale mlangoni mpaka mtoto atoke. Akikubali, tumempata Agnes. Akikataa, nataka Agnes awe amekaa pale, anamsikia anavyokataa.