“Ninyi” ya Jirani Yetu

Rafiki yangu, katika utu uzima huu nimejiandikisha darasa la Kihispania, kwa ubishi tu. Juzi mwalimu alituambia kwamba kule Hispania watu wana “ninyi” mbili: vosotros ya ndugu na marafiki, na ustedes ya heshima, ya watu usiowazoea. Wasemao Kihispania kule Amerika wameiacha ile ya kwanza. Hata mama akiwaita wanawe mezani hutumia ileile ya wageni. Wenzangu walicheka. Mimi nilimkumbuka jirani yetu wa Ujiji.

Nilivuka ziwa na bibi yangu kutoka Burundi nikiwa na miaka saba hivi, tukapata chumba kilichoshiriki ua na nyumba ya jirani huyo. Alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa pale, mcheshi, kanga zake zikinukia mawese. Bibi alimwamkia kwa adabu ya kwetu, ambapo mtu mmoja mwenye heshima husalimiwa kama wengi: “Mwiriwe!”, yaani “Mmeshindaje ninyi!” Jirani alicheka hadi akashika mbavu. “Mama wee, niko peke yangu! Au umewaona mashetani wangu?” Lakini mwezi haukuisha naye akawa anaitikia vilevile.

Walikuwa wakienda pamoja ufukweni Kibirizi kununua dagaa, wakirudi wanawaanika uani, upande mmoja wetu, upande mmoja wake. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru, mchanga ukiniunguza nyayo. Kila Sikukuu ya Idi ilituletea sahani ya pilau ya jirani, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, Bibi alikuwa akiirudisha na maharage. Fimbo ya mbali haiui nyoka, alikuwa akisema, na fimbo yetu ya karibu ilikuwa jirani.

Kisha ikaja habari kwamba Warundi wanaoishi mjini watapelekwa kambini. Balozi wa nyumba kumi alisema atakayesimamiwa na mwenyeji ataachwa. Jirani alimshika Bibi mkono. “Nani atawagusa? Sisi na ninyi ni kitu kimoja.” Bibi hakufunga hata kifurushi.

Maofisa walikuja mchana, dagaa wakiwa juani. Wakamuuliza jirani mbele yetu kama anatusimamia. Alijifuta mikono kwenye kanga, tena na tena, mikono mikavu. Halafu akamgeukia Bibi. “Ninyi si mlisema mnapita tu?”

Bibi aliingia ndani, akakusanya nguo zetu, akaiona sahani ya Idi iliyopita bado iko kwetu. Akaijaza maharage ya mwisho tuliyokuwa nayo, akanituma kwa jirani. Nilitamani kuibamiza ukutani. Nilimpelekea nikilia kwa hasira, naye akaipokea bila kunitazama. Tulipopanda lori alikuwa ameinama uani, anageuza dagaa wa upande wetu.

Alitusaliti, nasema bila kupepesa macho. Labda aliogopa, sikumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Nilipopita mwaka juzi, ua ule ulikuwa umejaa vibanda vya kuuzia simu, na wenye vibanda hawakujua kama hapo paliwahi kuanikwa dagaa. Bibi alifia kambini. Hadi siku zake za mwisho alimtaja jirani kwa heshima ileile, kama mtu aliye wengi.

Mimi adabu hiyo imenishinda. Kwangu ni wewe, mama, wewe peke yako, uliyeipokea sahani.