Tuma, Aliyetuuliza "Ndiyo Ipi?"

Nimeandika "marehemu Tumaini", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Jamani, hilo neno haliendani kabisa na yule mtu.

Lakini ndiyo hivyo. Rafiki yangu Tuma, niliyekaa naye meza moja ofisini Ilomba miaka minne, alitutoka Alhamisi. Juzi tumemzika kijijini kwao Idodi. Wiki mbili tu za kuugua, basi.

Kwa msiomjua: sisi tunatengeneza mifumo ya simu kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Mimi naandika code. Tuma aliandika requirements, yaani mfumo ufanye nini, na tutajuaje kwamba kweli umefanya. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyotutoa jasho.

Na kuna swali aliwahi kuniuliza, sikulijibu. Nitalijibu hapa hapa mbele yenu. Nivumilieni nifike.

Wiki yake ya kwanza niliandika kwa mbwembwe: "App ifunguke haraka." Akaja na kalamu nyekundu. "Haraka ya nani, kaka? Ya kwako wewe uliyekalia WiFi, au ya mama yangu Idodi anayepanda kichuguu kutafuta network?"

Tukaandika upya: sekunde tano, kwenye simu ya bei ya chini, network ikiwa mstari mmoja. Nikamuuliza, na zikiwa sita? "Imefeli. Kwani kufeli kunauma?"

Kunauma, aisee! Ilifeli mara tisa. Ya kumi, mama yake aliifungua akiwa jikoni kwake.

Hata kwenye chai alikuwa hivyo. Mama anayetuuzia pale getini alimuuliza, "Sukari kidogo, eti?" Tuma akajibu, "Kijiko kimoja mama, cha kusawazishwa." Mama akanigeukia: "Huyu mwenzako ataolewa na nani?" Tuma hata hakutabasamu: "Na mwenye kijiko."

Sasa lile la ng'ombe.

Tulitengeneza AI, yaani akili bandia, ya kupiga simu. Inaongea Kiswahili safi, inawauliza wafugaji wa Usangu kuhusu chanjo. Ambaye hajachanja, anapelekewa daktari wa mifugo. Aliyechanja, anatolewa kwenye orodha. Swali niliandika mwenyewe: "Je, hujachanja ng'ombe wako?" Nikaweka: akisema ndiyo, amechanja. Demo ya pale ofisini ikapita, bosi akapiga makofi, launch, yaani uzinduzi, ikapangwa Jumatatu.

Tuma akakataa kusaini kwamba mfumo uko tayari.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya bosi, "Dada, wewe kazi yako ni kutukwamisha tu."

Akatoa simu yake. Alichukua namba ya kwanza kwenye orodha yetu, ya mzee mmoja Msukuma ambaye familia yake ilihamia Usangu na mifugo yao zamani. Akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo mzee. Je, hujachanja ng'ombe wako?"

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu."

Mimi huyo nikatabasamu. Si mmesikia? Amechanja.

"Ndiyo ipi, mzee?"

"Hee! Si umeniuliza kama sijachanja? Ndiyo. Sijachanja hata mmoja."

Mfumo wangu ungemfuta yule mzee kwenye orodha, na kila mfugaji anayejibu kama tunavyojibu sote majumbani kwetu. Mama yangu akiniuliza "Hujala?" nasema "Ndiyo", naye anapakua. Kiswahili hiki hiki ndicho nilichokulia, halafu code nikaiandika kama mgeni!

Launch ikasogezwa. Tuma akaandika: swali liwe "Umechanja?" Mfumo urudie jibu kwa maneno kamili kabla ya kuhifadhi. Ujaribiwe kwa wafugaji kumi, na mmoja tu akieleweka vibaya tunarudi mezani. Tulirudi mezani mara mbili. Lakini daktari alifika kwa yule mzee, na ng'ombe wake wapo mpaka leo.

Kesho yake nikamnunulia Tuma chai. Kijiko kimoja, cha kusawazishwa. Nikaiweka mezani, nikajifanya niko bize na kompyuta.

"Hii chai ni ya kuniomba msamaha, au ni chai tu?"

Nikacheka. "Ndiyo."

"Ndiyo ipi?"

Simu yangu ikaita, nikatoka nje. Niliporudi hatukulizungumzia tena, na nilishukuru. Leo naona aibu kwamba nilishukuru.

Juzi msibani kila mtu alisema alikuwa mtu mzuri. Nikamsikia Tuma kabisa akiuliza: mzuri kwa kipimo gani? Haya, kipimo hiki hapa. Alisimama peke yake mbele yetu sote kwa ajili ya mzee ambaye hakuwahi kumwona, na alikuwa sahihi. Amefaulu. Anayebisha aje tubishane.

Na nyie wa ofisini, Jumatatu nakaa kwenye kiti chake mimi. Mkileta requirement yenye neno "haraka" au "nzuri", nairudisha, msije mkalia. Kalamu yake nyekundu ninayo.

Jana yule mzee wa Usangu alinipigia. Amesikia kwa watu.

"Yule binti wa maswali, hayupo tena?"

"Ndiyo, mzee."

Akanipa pole. Hakuniuliza ndiyo ipi.

Tuma, nimechelewa, najua. Ile chai ilikuwa ya kukuomba msamaha. Ndiyo yangu ni hiyo.

Pumzika sasa, dada yangu.