Moyo Ulioniuma Haukuwa wa Huzuni

Mimi naitwa Bakari, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa hapa Auburn, magharibi ya Sydney. Wengi wenu mnanijua kwa mbio. Nilikuwa winga wa kulia, na mabeki wakiniona walikuwa wananuna kabla filimbi haijapulizwa. Mpira ndio ulionileta Sydney, na mpira ndio ulionilisha. Mafua nilikuwa nayaponya kwa chai ya tangawizi, kisha naenda mazoezini. Nilijiona chuma.

Ikaja korona. Mitaa yetu ya magharibi ikafungwa, ligi ikasimama, nikawa nakimbia peke yangu kwenye bustani ya mtaani. Nikaambukizwa. Homa, kichwa, pua ikapoteza harufu, basi. Muda wa kujitenga ulipoisha nikatoka tena kukimbia, maana kocha alishatutumia ujumbe kwamba atakayerudi mnene asitegemee namba kikosini.

Siku hiyo sikumaliza hata mzunguko mmoja. Kitu kilinibana katikati ya kifua kama mtu aliyeniwekea goti. Jasho la baridi likanitoka, miguu ikalegea. Nyumbani nikawa siwezi kulala chali, pumzi inakata. Nikiinama mbele napata nafuu kidogo. Mke wangu, Mwanaidi, akanilazimisha nizungumze na daktari.

Zahanati wakati huo ilikuwa inatibu kwa simu. Kiingereza changu kilitosha kuomba pasi na kugombana na refa, si kueleza maradhi. Wakaniunganishia mkalimani, dada mwenye sauti ya upole.

"Mwambie daktari moyo unaniuma," nikasema. "Unaniuma sana, hata usingizi sipati."

"Pole sana, kaka yangu," akanijibu, kisha akageukia Kiingereza. Nikasikia *sad*. Nikasikia *football*. Daktari akauliza kama nina huzuni tangu ligi isimame. Nikasema ndiyo, maana kweli nilikuwa nayo! Nani hakuwa nayo wakati ule? Akanishauri nitoke nje nipate jua, nifanye mazoezi, akanipa na namba ya mtu wa kuzungumza naye.

Mazoezi! Mgonjwa wa moyo!

Nyinyi mnaocheka, hebu niambieni, tukifiwa tunasemaje? Ndugu akitutenda vibaya tunasemaje? Si ndiyo hivyo hivyo, moyo unaniuma? Yule dada hakukosea Kiswahili, na simlaumu.

Asubuhi yake nikatii. Nikavaa raba. Sikufika getini. Mwanaidi anasema nilianguka pale pale kibarazani, macho yamegeuka, midomo rangi ya majivu. Nilipozinduka nilimsikia anawapigia kelele watu wa ambulensi kwenye simu: "*Not sad! Heart!* Moyo wenyewe, huu wa kudunda! *Come now, please!*"

Hospitalini walinipokea watu waliojifunika toka kichwani hadi miguuni, naona macho tu. Wakanibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, wakanipiga picha ya moyo. Daktari mmoja, mama wa makamo, akavuta kiti akaniambia polepole, mkalimani mwingine akitafsiri kwenye simu: "Bakari, virusi vimevimbisha misuli ya moyo wako. Ungeendelea kukimbia, ungekufa uwanjani."

Nilimtazama nikidhani anamsema mtu mwingine. Mimi? Sigara yenyewe sijawahi kuionja! Mkojo ukanitoka kitandani, nasema kweli, na sioni haya kuwaambia. Nikauliza nitacheza lini.

"Kwa miezi kadhaa hutakimbia hata kuwahi treni," akasema.

Nikatii tena, safari hii kwa hofu. Vidonge asubuhi na jioni. Natembea na Mwanaidi mpaka dukani, bibi kizee mwenye kikapu cha magurudumu anatupita, nami winga nahema. Nililia sana miezi ile. Lakini polepole kifua kikafunguka, nikaanza kulala chali, nikapanda ngazi za stesheni bila kushika chuma. Picha ya mwisho ilipotoka, yule mama daktari alitabasamu, akasema moyo umepona, naruhusiwa kucheza.

Nikampigia kocha siku ile ile kwa furaha. "*Good on you, mate,*" akasema, yaani hongera, rafiki. Halafu akaniambia winga wa kulia wanaye. Walimsajili wiki ile ile niliyolazwa. Simu ilinibaki sikioni amekwisha kata.

Namshukuru Mungu, nawashukuru waganga na wauguzi. Sasa nacheza hapo Guildford, mtaa wa jirani, na wenzangu siku za Jumapili, kwa kujifurahisha. Ninalowaomba ni hili: mkizungumza na daktari msiishie kusema moyo unauma. Sema kifua kinabana, sema mapigo yanaruka, sema pumzi inakata. Na ukitoka kwenye homa usikimbilie uwanja kwa kuogopa kunyang'anywa namba. Yangu walimpa mtu nami nikiwa bado na nyaya kifuani. Lakini Mwanaidi, siku zile zote hawakumruhusu kuingia wodini kwa sababu ya korona, basi alikaa ndani ya gari nje ya hospitali, analala hapo, anaswali hapo, walinzi wanamwambia aende nyumbani, hataki.