Sufuria la Bibi Mwajuma

Kila ninayekutana naye kanisani kwetu Nakuru ananiuliza safari ya Bagamoyo ilikuwaje. Najibu ilikuwa njema, kisha najifanya nina shughuli kwenye simu. Ukweli ni kwamba sijui ilikuwaje. Acha niisimulie kama ilivyokwenda, tangu kuondoka hadi kurudi, huenda wewe ukaona nisichokiona mimi.

Nilikwenda kwa sababu ya Ndugu Elkana, kiongozi wetu wa vijana. Alisimama Jumapili moja akasema vijana wa siku hizi tunaimba vizuri, tunakula maandazi baada ya ibada, basi. Huko pwani ya Tanzania, akasema, kuna kanisa changa linalohitaji mikono. Tungepaka rangi darasa la chekechea, tungefundisha watoto nyimbo, tungepeleka Neno. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, na mama alishachoka kuniona sebuleni. Nikajiandikisha. Sasa hapo sijui kama niliitwa na Mungu au nilifukuzwa na mama, na hilo lilinisumbua kabla hata sijapanda basi.

Tuliondoka Nakuru gizani. Nairobi tulibadili basi, Namanga tukagongewa mihuri dirisha hili na dirisha lile. Ndugu Elkana alikuwa ametugawia fulana za kijani zenye neno WATUMISHI mgongoni, akataka tuzivae njia nzima. Pale mpakani muuza ndizi mmoja akanisoma mgongo, akaniita, "Mtumishi, njoo nikutumikie." Nilicheka, nikanunua. Njiani Ndugu Elkana alituombea na kutuonya kwamba tunakokwenda ni kwa Waislamu, kazi itakuwa ngumu, tujiandae kupingwa. Nilijiandaa kweli. Nilifunga hata chakula cha mchana, nikiwa nimeshakula ndizi nne.

Msata ndipo tulipoliacha basi la Dar es Salaam. Mwinjilisti wa kule alitupokea na gari dogo la mizigo, tukashika barabara ya Bagamoyo hadi Kiwangwa. Pembeni mwa barabara mananasi yalikuwa yamepangwa mafungu mafungu, na harufu yake iliingia hadi kwenye mabegi. Kanisa lilikuwa jengo la matofali lenye bati jipya, darasa moja ubavuni, na nyumba ya mwinjilisti nyuma. Waumini ni kaya chache. Majirani wengine wote, kushoto, kulia na ng'ambo ya barabara, ni Waislamu.

Na hao majirani ndio walionivuruga akili. Maji ya kuchanganyia chokaa yalitoka kwenye kisima cha Mzee Shomari, anayekaa mkabala na kanisa. Mikeka tuliyolalia iliazimwa kwa mke wake. Nilipotoka siku ya kwanza kwenda kushuhudia, niliingia nyumba ya mama mmoja, nikamwamkia, nikaanza kumwambia kwamba Mungu anampenda. Akasema, "Alhamdulillahi, tunamshukuru sana. Kaa basi, mwanangu, uji umeiva." Nilikunywa vikombe viwili. Nilitoka nimeshiba, sijui kama nimehubiri au nimehubiriwa.

Mwenyeji wangu alikuwa Mama Neema, mke wa mwinjilisti. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anayeongea huku anafanya kazi tatu. Aliniita mdogo wake tangu jioni ya kwanza. Sikujua lolote juu ya maisha yake hadi Alhamisi, aliponiambia, "Jerusha, nisindikize Mbegani nikamwalike mama yangu karamu ya Jumamosi." Jumamosi ndiyo tungemaliza kazi, na mwinjilisti alikuwa amenunua mbuzi wawili ili kijiji kizima kije kula.

Njiani ndipo aliponieleza. Kwao ni Mbegani, ni watu wa dini ya Kiislamu, na alipompenda mwinjilisti akabatizwa. Baba yake alikufa akiwa na hasira naye. Mama yake alimsamehe, humtembelea, hubeba wajukuu, humsuka nywele. Lakini hajawahi kula kwake. Hata chai. Akifika hukaa, huongea, na njaa ikimbana huaga.

"Anakuchukia?" nikamuuliza.

"Anichukie kwa lipi? Ananipenda. Anaogopa kula nyama isiyochinjwa kwa dini yake, na chombo kilichoipika. Wanangu wananiuliza mbona bibi hali. Niwajibu nini?"

Nilitazama nje ya dirisha la gari hadi tukaingia Bagamoyo mjini.

Mbegani tulimkuta Bibi Mwajuma uani anapepeta mchele. Ni mwembamba, sauti ndogo, macho makali. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza hali ya baba yangu, ya mama yangu, ya ndugu zangu, na ya safari, hadi nikaona haya kwamba mimi sikumuuliza kitu. Mama Neema akasema alichokuja nacho. Bibi akaendelea kupepeta.

"Anachinja nani?"

"Mzee Shomari, mama. Kanisani kwetu karamu zote anachinja yeye. Tunataka majirani wale."

"Shomari huyu mume wa Binti Kondo?"

"Huyo huyo. Na sufuria lako lipo, mama. Halijapikiwa kitu."

Bibi akauweka ungo chini. "Basi nitakuja. Safari hii nitakula kwako."

Mama Neema alishika pindo la kanga, akajifuta uso, akaanza kumsaidia kuchambua mchele. Mimi niliona jambo lile ni lao wawili, na kwa kuwa Mzee Shomari alikuwa ameshaambiwa, sikumwambia mtu yeyote niliporudi.

Jumamosi asubuhi, mwinjilisti akiwa ametoka na gari lake, Mama Neema alinichukua tukatafute nazi kwa shemeji yake. Alikuwa anaimba. Alinionyesha na kanga mpya atakayovaa. Tuliporudi na kapu letu, nikasikia vicheko vya wenzangu nyuma ya darasa. Mbuzi wote wawili walikuwa wananing'inia kwenye mkorosho, wameshachunwa. Ndugu Elkana alikuwa kifua wazi, kisu mkononi, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Mama, tumekupunguzia kazi," akasema. "Tuliona mnachoka sana kwa ajili yetu. Na tumeomba kwanza, tena tumeomba sana, kabla sijamgusa hata mmoja."

Kwao kijana anayejua kuchinja ndiye anayewahi kuamka siku ya sherehe, wazee wapumzike. Hilo nalijua, hata kwetu ni hivyo. Alikuwa amefanya jambo la heshima kabisa. Mama Neema akatua kapu, akakimbilia masufuria makubwa tuliyoazima kwa majirani. Yalikuwa bado yamefunikwa pale uani, hayajatiwa ile nyama. Akayashika moja moja. Kisha akakaa chini, palepale mchangani.

Ilibidi mimi nieleze. Nilieleza vibaya, nikarukaruka, nikarudia, na kadiri nilivyoeleza uso wa Ndugu Elkana ulizidi kubadilika.

"Kwani tumeomba kwa mungu mwingine?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali, alikuwa anataka kujua.

Mzee Shomari akafika wakati huohuo, kisu chake kimezungushiwa gazeti. Akawaona mbuzi. Nilingoja agombe. Nilitamani hata agombe, ningejua pa kusimama. Yeye akasema, "Naam, mmewahi. Poleni na kazi, vijana." Akaomba chai, akataka sukari iongezwe, akamuuliza Ndugu Elkana kama ni kweli Nakuru watu hulala na blanketi mbili. Alipomaliza chai ndipo akamwambia Mama Neema kwa sauti ya chini kwamba anakwenda kutafuta jogoo amchinjie mama yake. Kijiji kizima kuku walikuwa wamemalizwa na ugonjwa wa kideri, na kila mtu pale alilijua hilo, yeye mwenyewe akiwamo. Akaenda hivyo hivyo.

Ndugu Elkana akachuchumaa karibu na Mama Neema. "Mama, nakuomba. Nani atamwambia? Mzee Shomari mwenyewe hana neno. Bibi ale, afurahi, nawe ufurahi."

"Mimi nitakuwa najua, kaka yangu," akasema Mama Neema.

Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia. Ndugu Elkana alikuwa ametenda wema. Bibi alikuwa na haki. Mama Neema hakuwa na kosa hata moja, na ndiye aliyekuwa amekaa mchangani.

Baada ya adhuhuri Bibi Mwajuma aliteremka barabarani, amevaa vizuri, ameshika mfuko wa peremende za wajukuu. Majirani walikuwa wameshaanza kukaa mikekani. Mama Neema alimpokea kabla hajaingia uani, akambusu mkono, na hakuuachia.

"Mama, Shomari hakuwahi. Mbuzi wamechinjwa na wageni. Sikutaka ukae kitako kabla hujajua."

Bibi akautazama moshi wa jikoni. Akatutazama sisi, na zile fulana zetu. Ndugu Elkana akasogea, akafungua kinywa. Huyu ndiye mtu anayeweza kuhubiri bila kunywa maji.

"Bibi, shikamoo. Sisi hatukujua."

"Marahaba. Mngejuaje, nanyi wageni?"

Mfuko wa peremende bado ulikuwa mkononi mwake, na gari lililomleta lilikuwa bado linapakia mananasi pale barabarani. Nilimwona akiligeukia. Mama Neema naye alimwona, akauachia mkono.

"Una muhogo shambani?" Bibi akauliza.

"Upo, mama."

"Na huo nao wameuchinja?"

Aliyeanza kucheka ni mke wa Mzee Shomari, kisha mkeka mzima. Mama Neema alicheka huku analia, machozi yanamdondokea kwenye kanga mpya. Tulikwenda kuung'oa mimi na yeye, tukaumenya mbiombio, tukakuna nazi. Ndugu Elkana akapasua kuni bila kuambiwa. Na hapo Mama Neema akaingia ndani, akapiga magoti, akavuta sufuria kutoka uvunguni mwa kitanda. Lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa, linang'aa, halijawahi kuona moto.

"Nililinunua wiki niliyoolewa," akaniambia. "La mama. Nilisema iko siku."

Aliupika muhogo humo. Alipakua kwenye sahani mpya, akamnawisha mama yake mikono, akakaa mbele yake kumtazama. Neema na mdogo wake wakasogea kutazama pia, kwa kuwa hawakuwahi kuliona jambo hilo. Bibi akala tonge la kwanza, akatafuna polepole.

"Tui limezidi," akasema. Akala lote, akaomba aongezwe.

Majirani walikula mananasi na muhogo uliopikwa kwenye masufuria yao, sisi na waumini tukala nyama hadi ikatushinda, wote mikeka ileile. Mzee Shomari alirudi jioni bila jogoo. Akapewa muhogo uliobaki na chai yenye sukari nyingi.

Tulipokuwa tunarudi, Ndugu Elkana hakuvaa fulana yake. Tulipokaribia Namanga akaniuliza, "Jerusha, tulipeleka nini kule?" Nikamwambia tulipaka darasa, limependeza. Akasema ndiyo, limependeza. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi, wakati madirisha yalikuwa yamefungwa.

Jumapili iliyofuata tuliitwa mbele kutoa ushuhuda. Kanisa lilikuwa limejaa, na mama yangu amekaa mbele kabisa. Wenzangu walisimulia rangi na nyimbo, watu wakaitika amina. Nikapewa kipaza sauti, mchungaji akaniuliza Bwana alitenda nini Bagamoyo. Nilikuwa nimeandaa mengi. Yote yakanitoka.

"Kuna mama mmoja," nikasema, "alikula muhogo kwa binti yake."

Wakangoja niendelee. Mama yangu alikuwa ananitazama, ameinamisha kichwa kidogo, vile anavyofanya nikiwa mgonjwa. Nikamrudishia mchungaji kipaza sauti, nikaenda kukaa karibu na mama.