Namba Niliyoandika Bila Kuipima: Miaka Yangu kwenye Pisini za Goma

Siku ya kwanza ya kazi yangu, mkuu wa matengenezo wa hoteli moja kando ya ziwa alinisimamisha kwenye ukingo wa bwawa la kuogelea, ambalo sisi huku tunaliita pisini, akaniuliza ninaona nini. Alikuwa mtu wa Masisi, mrefu, mwenye kofia ya sufi hata wakati wa jua. Sote tulimwita Chef, yaani mkubwa wetu.

“Naona maji, Chef.”

“Basi hauoni kitu. Angalia tena.”

Niliangalia tena. Chini kabisa, upande wenye kina, palikuwa na kifuniko cha chuma chenye matundu, mahali maji yanapotokea kwenda kwenye pampu.

“Naona kile chuma.”

“Njo kazi yako ile. Siku hauone ile chuma, hakuna mutu wa kuingia ndani, hata kama ni gavana. Mutoto akizama kwenye maji yenye iko nyeupe kama maziwa ya ngombe, nani atamuona?”

Kisha nikafungua ndoo ya klori, nikainamisha uso ili niione vizuri, na kifua kikabana mpaka machozi yakanitoka. Chef alicheka akaniambia klori hainuswi kama mchuzi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, upande wa biolojia na kemia, na diploma yangu ilikuwa nyumbani ndani ya plastiki. Siku ile niliona aibu. Leo naona kwamba aibu hiyo ndogo ingenifaa sana kama ningeizoea mapema.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, katika nyumba za matajiri za mtaa wa Himbi na kwingineko, na ninyi ambao hamtaifanya kamwe. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Maji yanayosimama juani huota utelezi wa kijani, ule ambao vitabu huuita mwani. Huanza kwenye pembe na nyuma ya ngazi, mahali maji hayazunguki. Ukiugusa kwa kidole unateleza kama bamia. Klori ndiyo inayouua, lakini klori haifanyi kazi katika kila maji. Kuna kipimo kinachoitwa pH, kinachoonyesha kama maji yana ukali wa ndimu au ukali wa magadi. Chini ya saba ni upande wa ndimu, juu ya saba ni upande wa magadi. Pisini inataka saba na kidogo. Sisi tuliandika 7,4, yaani saba nukta nne. Maji yakipanda sana upande wa magadi, klori inalala. Unaimwaga ndoo kwa ndoo, nayo imelala tu, na mwani unaendelea kuota.

Hapa Goma jambo hili lina uzito wake. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi mengi kutoka kwenye mawe ya volkano. Ukijaza pisini kwa maji ya ziwa, unaanza karibu na tisa. Maji ya mvua, kwa upande mwingine, yakipita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo hushuka na ukali unaokula mabati. Chef alituonyesha namna ya kuyapatanisha. Maji ya ziwa yakiingia, unapima, unaweka asidi kidogo upande wenye kina pampu ikiwa inazunguka, unangoja, unapima tena. Asidi inaingia kwenye maji. Maji hayamwagwi kamwe juu ya asidi, kwa sababu yatakurukia usoni. Kipimo kikubwa cha klori kinawekwa jua likishazama nyuma ya vilima vya Sake, maana jua linakula klori. Kisha unasugua kuta kwa burashi, na kesho yake unaosha chujio la mchanga kwa kugeuza mkondo wa maji, mpaka uchafu wote utoke.

Kipimo chenyewe kilikuwa kichupa kidogo cha dawa nyekundu. Unachota maji ya pisini kwenye kibomba cha kioo, unatia matone matano, unalinganisha rangi. Njano ni upande wa ndimu, nyekundu ni karibu na sawa, zambarau ni magadi. Unaandika namba kwenye daftari. Chef alikuwa na sheria moja kuhusu daftari, na aliirudia hata mbele ya wageni: “Usiandike namba yenye haukuona.”

Hoteli ilipobadilisha wenyewe, niliachishwa pamoja na wengine. Nikachukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, mama Mkatoliki mwenye maghala ya vitambaa na nyumba kubwa ya ghorofa huko Himbi. Tulimwita Madame. Alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa dhuluma. Aliamini kilichoandikwa. Kila Jumatatu alifungua daftari langu, akapitisha kidole kwenye namba, akaweka sahihi yake chini.

Katika nyumba hiyo nilimkuta Mama Sifa, aliyefua nguo. Alitoka milima ya Masisi na wakati huo aliishi Mugunga, kwenye kambi ya waliokimbia vita, na binti yake. Alitembea kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu. Alikuwa na ulimi.

“Papa Bahati,” aliniambia siku moja akinitazama nikisugua kuta, “wewe unaogeshaka maji. Mimi nilisikia banaogaka na maji. Sijaona maji yenye inaogeshwa.”

“Na wewe unafua mashuka ya mutu mwenye analala tu. Nani kati yetu ni mupumbavu?”

“Sisi wote. Lakini mimi natoka hivi karibuni.”

Hakuwa akitania. Kliniki moja mjini ilikuwa ikitafuta mtu wa kufua mashuka, kazi ya kudumu, yenye chumba nyuma ya jengo kwa ajili ya mfuaji na familia yake. Walitaka kitu kimoja tu: barua ya kazi yenye muhuri, inayosema alifanya kazi wapi na kwamba alikuwa mwaminifu. Madame alikuwa amemwahidi barua hiyo mwisho wa mwezi. Mama Sifa alishaanza kuhesabu siku za kutoka kambini.

Mwezi huohuo tulitoa nusu ya maji ya pisini ili kurekebisha vigae vilivyong'oka. Miaka yote nilikuwa nikijazia kwa maji ya tangi la mvua, lakini kiangazi kilikuwa kimekausha tangi. Gari la maji likaja na maji ya ziwa. Nilijua ninachopaswa kufanya. Chef alikuwa amenifundisha jambo hilohilo kwa mikono yake.

Lakini kichupa changu cha dawa nyekundu kilikuwa kimeharibika. Nilikisahau juani, juu ya kifuniko cha pampu, siku tatu, na rangi yake ikawa ya chai. Madame mwenyewe alikuwa amekibeba kutoka safarini, akanipa mkononi na kuniambia nikitunze. Niliona haya kumwambia. Nikajisemea kwamba dereva wa Madame akivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, nitamtuma kimyakimya. Wakati nikingoja, nikaandika 7,4. Kesho yake nikaandika 7,4. Mkono ulizoea upesi kuliko nilivyodhani.

Siku ya tano kuta zilianza kuteleza. Nikaongeza klori. Siku ya nane maji yalikuwa na rangi ya majani ya maharage, na kile chuma cha chini hakikuonekana tena. Nikaongeza tena. Ndoo mbili zilizopaswa kutosha miezi mingi zikaisha, nami nilikuwa bado nikiandika 7,4 kwa mwandiko mzuri.

Katikati ya siku hizo Mama Sifa aliniomba kijiko kimoja cha klori kwa ajili ya bidoni lake, dumu la maji ya kunywa, kwa sababu kambini watu walikuwa wakiharisha. Nilimpa. Nilimfungia mwenyewe kwenye kipande cha plastiki, nikamweleza aitumie kidogo sana, punje chache tu. Alikifunga kwenye pembe ya kitambaa chake. Langoni sentineli, mlinzi wa nyumba, alimpekua, kama alivyopekua kila mtu, akakikuta.

Madame alituita sote barazani. Juu ya meza kulikuwa na kile kifurushi, daftari langu, na ndoo tupu.

“Papa Bahati njo alinipa, Madame,” Mama Sifa alisema. Hakuwa na wasiwasi. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake afungue mlango.

“Ni kweli?”

“Ni kweli, Madame. Kijiko moja. Leo tu.”

“Kijiko moja. Na ndoo mbili?” Madame alifungua daftari. “Kaye inasema maji iko sawa kila siku. Ndoo inasema klori iliisha. Na pisini iko kijani. Basi klori haikufika ndani ya maji. Ilienda wapi?”

Ilikuwa hoja safi. Kitu pekee cha uongo ndani yake kilikuwa namba zangu.

Nilikuwa na watoto watano. Nilikuwa na diploma ndani ya plastiki. Nilitazama vigae. Mama Sifa alisema jina langu mara moja, “Papa Bahati,” kwa sauti ya kawaida, nami sikuinua kichwa.

Alifukuzwa mchana uleule, bila barua. Alipopita kando yangu akienda langoni hakunitukana. Alisema tu, “Kliniki inangojea mpaka Ijumaa.” Sijui kama alikuwa akiniomba au akinijulisha.

Siku mbili baadaye dereva aliniletea dawa mpya kutoka Gisenyi. Matone matano yakageuka zambarau nzito. Niliweka asidi kidogo kidogo kutwa nzima, nikipima kila mara, mpaka rangi ikawa nyekundu. Jioni nikakwangua ndoo na kutia klori iliyobaki, makombo tu, nikasugua kuta mpaka mabega yakaniuma. Asubuhi maji yalikuwa ya kijivu, maana mwani uliokufa hugeuka kama majivu. Nikaosha chujio mara mbili. Siku iliyofuata kile chuma kilionekana, kila tundu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Madame alishuka na kikombe chake cha chai, akatazama.

“Umeona?” alisema. “Tangu ule mama aondoke, maji imepona.”

“Ndiyo, Madame,” nikajibu.

Kati ya maneno yote niliyosema katika kazi, hayo mawili ndiyo ninayoyasikia zaidi. Barazani niliweza kujidanganya kwamba sikuwa na hakika. Pale ukingoni nilikuwa na hakika, na kliniki ilikuwa bado wazi.

Nilibaki kwa Madame miaka mingine saba, kisha nikahamia kwenye nyumba ya mkuu wa ujumbe mmoja wa kigeni, mtu mpole aliyependa kuogelea asubuhi kwenye baridi. Niliwafundisha wanne kazi hii. Wote niliwaambia sheria ya Chef, na wote walidhani naisema kwa sababu nimeishika.

Mgongo uliponilazimisha kupumzika nilibaki nyumbani kwangu, mtaa wa Mapendo. Bomba likikauka huwa nashuka ziwani na bidoni langu kama kila mtu. Kwenye ufuko wanakaa watu wenye vizibao, na kila bidoni linapojazwa wanatia klori ya maji kwa bomba la sindano, ili kipindupindu kisiingie nyumbani. Mwaka huu, siku moja asubuhi, aliyekuwa ameshika bomba hilo alikuwa Mama Sifa. Nywele zilikuwa nyeupe. Alipima, akainua bomba kwenye mwanga, akarudisha tone moja lililozidi.

“Weka bidoni, muzee,” alisema. Kisha akaona uso wangu. “Ah. Muogeshaji wa maji.”

Nilimwambia yote palepale, mstari wa watu ukiwa nyuma yangu: kichupa, jua, 7,4. Mwanamke aliyenifuata alinisukuma kwa bidoni lake, akasema wazee wakaungame kanisani, watu wana haraka.

“Nilijua,” Mama Sifa alisema. “Mutu habebake ndoo mbili ndani ya kitambaa. Sikujua tu ni kwa sababu gani. Nilifikiri pengine uliuzisha.” Akatia klori kwenye bidoni langu. “Sasa unaniambia mimi. Mimi sikukufukuza kazi. Enda umwambie Madame.”

Nilikwenda. Madame amezeeka kuliko mimi. Pisini imejazwa udongo, na ndani yake wamepanda muhogo wa majani ya sombe na vitunguu. Nilisimama kwenye ukingo uleule nikamwambia. Akasema, “Kliniki ilinipigia simu siku ile. Nilibaambia asiguse hata sabuni yao.” Hakunikaripia. Nafikiri alikuwa akijikaripia mwenyewe. Akamwita mjukuu wake alete karatasi na muhuri wa duka, akaandika kwa mkono wake kwamba Mama Sifa alifua nguo nyumbani mwake, hakuiba kitu, na kwamba kosa lilikuwa la mtunza pisini. Aliniuliza kama nataka jina langu liandikwe. Nikasema liandikwe lote.

Ninyi mnaoanza, sina mengine ya kuwapa zaidi ya hayo niliyoyaeleza. Asidi kabla ya klori. Dawa ya kupimia iwekwe kivulini. Ikiharibika, sema siku hiyohiyo. Siku ya pili ni ngumu zaidi, na ya kumi unahitaji mtu wa kukubebea kosa lako.

Niliipeleka karatasi ziwani. Mama Sifa alipangusa mikono, akatazama muhuri kwanza, kisha akasoma polepole mpaka mwisho.

“Kliniki ilishapita,” alisema. “Na kile chumba.”

“Najua.”

“Binti yangu alikulia kwenye hema.”

“Najua, Mama Sifa.”

Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa kizibao chake, akafunga kifungo. Kisha akachukua bomba, akapima, akatia klori kwenye bidoni langu na kunionyesha jiwe la kukalia kando.

“Nusu saa kabla ya kukunywa,” alisema, kama anavyowaambia wote.

Nikakaa juu ya lile jiwe, bidoni kati ya magoti, nikangoja nusu saa yote.